Kabla hujaiamini ripozitori ya chuo chako, angalia kama ina namba 123456789

#1 kabati_la_vitabu

Wakuu, salaam.

Siku hizi vyuo vikuu vingi vya ukanda wetu vinamtaka mwanafunzi wa uzamili au uzamivu apeleke nakala laini ya tasnifu maktaba kabla hajaruhusiwa kuhitimu. Nakala inapandishwa kwenye ripozitori, au hazina ya kidijitali kama wengine wanavyoiita, naye anaondoka akijua kazi yake imepata makao ya kudumu. Mimi ni mkutubi upande wa mifumo. Hizi hazina ndizo kazi yangu ya kila siku, na inaniuma kusema kwamba nyingi hazistahili imani tunayozipa. Wakutubi si wavivu. Tatizo ni kwamba hakuna anayezikagua, na sisi watumiaji hatujui tuulize nini.

Kwa hiyo tuulizane hapa. Mengi ya nitakayosema unaweza kuyapima mwenyewe bila ruhusa ya mtu.

Ripozitori nyingi za vyuo Afrika zinaendeshwa kwa DSpace, programu huria iliyotengenezwa na maktaba za MIT pamoja na maabara za HP na kutolewa mwaka 2002. Ni programu nzuri. Ndani yake kila kazi inayowekwa hupewa anwani ya kudumu kupitia mfumo uitwao Handle. Anwani hiyo ina sehemu mbili zinazotenganishwa na mkwaju: mbele ni kiambishi cha taasisi, nyuma ni namba ya kazi yenyewe. Kiambishi cha MIT ni 1721.1, cha Makerere ni 10570, cha Chuo Kikuu cha Nairobi ni 11295. Faida yake ni kwamba chuo kikibadilisha seva au jina la tovuti, anwani ya Handle inabaki ileile na inamfikisha msomaji kulikohamia faili.

DSpace ikisakinishwa upya inakuja na kiambishi cha mfano: 123456789. Kimewekwa pale ili fundi akibadilishe, ni sawa na fomu yenye maneno "andika jina lako hapa". Chuo kinatakiwa kusajili kiambishi chake, na ada yake ni kama dola 50 kwa mwaka. Sasa fungua ripozitori ya chuo chako, ingia kwenye tasnifu yoyote, tazama anwani iliyoandikwa kwa ajili ya kunukuu. Ukikuta hdl.handle.net ikifuatiwa na 123456789, ibofye. Haitakufikisha popote, kwa sababu hakuna taasisi inayomiliki namba hiyo. Kuna sehemu nyingine utakuta anwani inaanza na localhost, maana yake inaelekeza kwenye kompyuta ya anayesoma. Watu wameinukuu hivyo kwenye marejeo ya makala zao, na imeshachapishwa.

Hilo peke yake halimaanishi faili litapotea. Linamaanisha kwamba siku mfumo uliposimikwa hakuna aliyekuwa anafikiria miaka kumi mbele, na ukishaliona hilo una kila sababu ya kuchimba zaidi.

Jambo la pili ni toleo. Kama anwani ya ripozitori ina neno xmlui au jspui, hiyo ni DSpace 6 au ya nyuma zaidi, maana sura hizo mbili ziliondolewa kabisa toleo la 7 lilipotoka mwaka 2021. Toleo la 5 liliachwa kuhudumiwa mwanzoni mwa 2023, la 6 likafuata Julai mwaka huohuo. Tundu la usalama likigunduliwa leo kwenye matoleo hayo, wanaoitengeneza DSpace hawana wajibu tena wa kutoa kiraka. Na ukiona :8080 mwishoni mwa jina la tovuti, huku kivinjari kikikuonya kwamba muunganisho si salama, ujue fundi alisimika, ikawaka, akaondoka.

Kuna kipimo cha tatu, cha faili lenyewe, nacho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Nitakiweka chini tukishaanza kuongea.

Naomba kuwasilisha.

---

#2 Mwanazuoni_Mpya

Mkuu asante kwa elimu, ila naona umetutisha bure. Chuo chetu kimo juu kabisa kitaifa kwenye ile orodha ya dunia ya ripozitori, na uongozi umeisifia mpaka kwenye mahafali. Ingekuwa mbovu ingefika pale?

---

#3 kabati_la_vitabu

Mkuu, hongereni, na nasema hivyo kwa moyo safi, kwa sababu kufika pale ni kazi. Lakini tuangalie orodha hiyo inapima nini. Orodha ya Webometrics inayosifiwa sana inahesabu kazi za ripozitori zinazoonekana Google Scholar. Chuo chenye kazi nyingi kinapanda. Haiulizi kama faili linafunguka, kama kuna nakala nyingine nje ya jengo, wala nani atalipia seva mradi wa wafadhili ukiisha.

Na kwa kuwa kinachopimwa ni wingi, wingi ndio unaofukuziwa. Nimeona hazina ambako makala moja imeingizwa mara tatu, kila mwandishi mwenza na yake. Nimeona rekodi zisizo na faili, ukurasa wa kichwa na ikisiri tu, na rekodi ambazo faili lipo lakini limefungwa kwa nywila ambayo hakuna mtu maktaba anayeikumbuka. Zote zinahesabika.

Fanya hivi: chukua kazi kumi za zamani kabisa kwenye ripozitori yenu, zile za mwanzo, si za mwaka huu. Zipakue, uzifungue zote hadi ukurasa wa mwisho. Za mwaka huu zitafunguka tu, hazijapitia lolote bado. Hizo za zamani zimeshahamishwa seva, zimepitia kukatika kwa umeme na kubadilishwa kwa mafundi. Zikifunguka zote, hapo una haki ya kujivuna kuliko kwa nafasi ya kwenye orodha.

---

#4 Seva_Room

Niongezee upande wa TEHAMA, maana ndiko nilikokulia.

Swali ambalo wakuu wa maktaba hawatuulizi ni hili: bakapu iko wapi, na mara ya mwisho kuirejesha ilikuwa lini? Wanauliza "tuna bakapu?", tunajibu ndiyo, kikao kinaisha. Taasisi moja niliyowahi kufanya kazi ilikuwa na bakapu kila usiku, bila kukosa. Ilikuwa inaandikwa kwenye diski ya pili ya seva ileile. Umeme ulipopanda ghafla diski zote mbili ziliungua pamoja. Waliokoa sehemu kwa kuwapigia simu wahitimu waliokuwa bado na PDF kwenye barua pepe zao.

Na msidhani ni shida ya vyuo maskini. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza terabaiti 77 za data za utafiti, mafaili kama milioni 34, kutoka kwenye mfumo wa kompyuta kuu. Mhalifu hakuwa mdukuzi, ilikuwa programu ya bakapu yenyewe. Mtoa huduma aliibadilisha hati ya amri (script) ikiwa bado inakimbia, ikaendelea katikati ikiwa na kigezo kitupu, na amri iliyokusudiwa kufuta mafaili ya zamani ya kumbukumbu za mfumo (log) ikafuta data za watu. Vikundi 14 viliguswa, na vinne kati yake data zao hazikuweza kurejeshwa.

Kwa hiyo bakapu ambayo haijawahi kujaribiwa mimi siihesabu. Chuo kikinionyesha karatasi yenye tarehe na sahihi kwamba walirejesha mafaili kwenye seva tupu na yakafunguka, nitakiamini hata kama tovuti yao ina sura mbaya.

---

#5 MwanaPwani

Shukrani ndugu zangu. Niko Mombasa, nami ni mtu wa maktaba. Maswali mawili. Kwanza, nasikia kuna vyeti vya kimataifa vya kuthibitisha kwamba hazina ni ya kuaminika. Je, vina maana kwetu sisi? Pili, kwa nini tusipeleke kila kitu kwenye seva za kukodi ng'ambo, tuondokane na jenereta na diski za kuungua?

---

#6 kabati_la_vitabu

Ndugu yangu wa Mombasa, maswali mazuri sana.

Vyeti vipo. Msingi wa vyote ni modeli ya OAIS, mwongozo wa jinsi hazina ya kidijitali inavyopaswa kupangwa, iliyoanzia kwa watu wa anga za juu waliokuwa wanahofia data za setilaiti, ikawa kiwango cha ISO 14721 mwaka 2003. Juu yake kikaja ISO 16363 mwaka 2012, ambacho ni cha ukaguzi kamili: vigezo zaidi ya 100, na wakaguzi wanakuja kwako. Ofisi ya Uchapishaji ya Serikali ya Marekani ilikipata mwishoni mwa 2018. Kwa maktaba ya chuo chenye mafundi wawili, hicho ni kirefu mno.

Kilicho karibu na sisi ni CoreTrustSeal, kilichoanza 2017 kwa kuunganisha mihuri miwili ya awali, mmoja ukiwa wa Waholanzi. Kina masharti 16. Unajikagua mwenyewe kwa maandishi na kuweka ushahidi, wenzako wa fani wanasoma na kukurudishia maswali, na ukipata, cheti ni cha muda maalumu, baada ya hapo unaomba upya. Kinachonivutia ni kwamba maelezo ya waliofaulu yanawekwa hadharani. Unaweza kusoma jinsi hazina fulani ilivyojibu swali la "mkifungwa kesho, data zitakwenda kwa nani?" Hilo swali nilipelekee chuo chochote cha kwetu leo, nadhani kimya kitakuwa kirefu.

Cheti hiki kimelenga zaidi hazina za data, na ripozitori nyingi za vyuo hata Ulaya hazinacho. Msione aibu kukikosa. Chukueni masharti yake, kaeni meza moja, maktaba na TEHAMA na idara ya fedha, mjibu kwa ukweli. Zoezi lenyewe litawaonyesha mashimo. Kama bado ni kubwa, kuna viwango vya NDSA kutoka Marekani, vya ngazi nne. Ngazi ya kwanza kwenye kuhifadhi inadai nakala mbili kamili mahali pawili tofauti, basi. Ya tatu inataka walau nakala moja iwe eneo lenye hatari tofauti ya maafa. Nakala ya Dar es Salaam na nyingine Dodoma haziwezi kufurika kwa mvua ileile.

Sasa seva za kukodi. Sipingi, ila usipeleke zote nje. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota Tanzania nzima na kwa majirani. Kilichowekwa ndani ya nchi, kinachopita kwenye vituo vya kubadilishana trafiki kama vile vya Dar es Salaam na Arusha, hakihitaji waya wa baharini kumfikia mwanafunzi aliyeko Mbeya. Na seva ya kukodi inalipiwa kwa dola kila mwezi. Afisa manunuzi akichelewesha malipo robo mwaka, akaunti inafungwa. Nakala moja nyumbani, moja nje, na jina la mtu anayewajibika kwa kila moja liandikwe.

Mfano mmoja wa kwa nini nakala zitawanyike. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilivamiwa na wadukuzi wa Rhysida wakitaka fidia. Huduma yake ya tasnifu, EThOS, yenye rekodi zaidi ya laki sita za tasnifu za uzamivu, ilizimika, na kuzimika kwake hakukuwa kwa siku mbili tatu. Lakini tasnifu nyingi zilikuwa bado kwenye ripozitori za vyuo vyenyewe. Aliyekuwa anajua mwandishi alisoma wapi alikwenda moja kwa moja chuoni akaipata. Taasisi kubwa iliyumba, vidogo vikashika mzigo. Nasi tunaweza kujipanga hivyo kupitia mitandao yetu ya elimu, TERNET ya Tanzania, KENET ya Kenya na RENU ya Uganda. Nyaya za kuunganisha vyuo tayari wanazo. Inatakiwa makubaliano tu kwamba mimi nakutunzia nakala yako nawe unanitunzia yangu.

---

#7 Mama_Msimamizi

Samahani wanangu, mimi ni mhadhiri, mambo ya seva siyajui. Ila kuna jambo mmelisahau. Kuaminika si kwa anayeweka tu. Nimesimamia tasnifu za afya ya jamii miaka mingi. Juzi natafuta kazi ya mwanafunzi wangu wa zamani kwenye mtandao, naipata nzima, na viambatisho vyake vyote. Ndani kuna fomu za ridhaa zilizoskaniwa, majina ya akina mama waliohojiwa, vijiji vyao na namba zao za simu, pamoja na majibu yao kuhusu maradhi yao. Wale akina mama waliambiwa majibu yatakuwa siri. Nilikosa usingizi.

---

#8 kabati_la_vitabu

Mama, shikamoo, na asante sana. Hili lilistahili kuwa kwenye andiko la kwanza.

Sheria sasa ipo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za afya ziko kwenye kundi linalolindwa kwa ukali zaidi. Hata hivyo kabla ya sheria kuna ahadi aliyopewa mtu uso kwa uso, na ahadi hiyo inavunjwa na karani anayepandisha PDF nzima bila kufungua viambatisho.

Kwa hiyo hiki nacho ni kipimo. Hazina nzuri ina mtu anayesoma viambatisho kabla ya kubofya kitufe cha mwisho. Ina anwani inayoonekana ya kulalamikia. Na ikiondoa kitu haikifuti kimyakimya: inaacha ukurasa unaosema kazi ilikuwapo na imeondolewa, ili aliyeinukuu asionekane kaitunga. DSpace inao uwezo huo, rekodi "inaondolewa" bila kufutwa. Mama, waandikie maktaba leo, waombe waifunge kazi hiyo mara moja, waweke toleo lisilo na viambatisho hivyo. Wakikujibu ndani ya siku chache, hiyo ni taasisi inayojali. Ukisubiri mwezi mzima, umepata jibu la swali la uzi huu.

Sasa kile kipimo cha tatu nilichoahidi.

DSpace ikipokea faili, inakokotoa cheksamu, mfuatano wa herufi na tarakimu 32 unaotokana na yaliyomo ndani ya faili. Baiti moja ikibadilika, mfuatano unabadilika wote. Kwenye ripozitori nyingi za toleo la zamani mfuatano huo unaonekana na kila mtu. Fungua tasnifu, bofya sehemu ya kuonyesha rekodi nzima, tafuta mstari ulioandikwa dc.description.provenance. Utakuta maneno ya Kiingereza yanayotaja aliyeipandisha na tarehe, kisha jina la faili, ukubwa wake kwa baiti, kisha cheksamu na herufi MD5, jina la njia iliyoikokotoa.

Pakua faili hilo. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile tasnifu.pdf MD5. Kwenye Linux ni md5sum tasnifu.pdf. Linganisha. Zikilingana, umethibitisha kwamba faili lililowekwa, pengine miaka kumi iliyopita, ndilo ulilolipata leo, bila kupungua hata baiti moja. Hukuhitaji kumwamini mtu yeyote wala nembo yoyote.

DSpace inacho pia chombo cha kukagua cheksamu za mafaili yote kwa zamu, usiku hadi usiku, na kutuma ripoti. Kinakuja bure ndani yake. Waulizeni wakutubi wenu kama kimewashwa, na ripoti zinaenda kwenye barua pepe ya nani.

---

#9 Seva_Room

Tahadhari moja ndogo. MD5 inatosha kugundua faili lililoharibika lenyewe, diski kuchoka au upakuaji kukatika. Haitoshi dhidi ya mtu anayekusudia kughushi, udhaifu wake ulionyeshwa hadharani tangu 2004. Kwa hilo mtunze SHA-256, cheksamu ya aina imara zaidi, pembeni, na isikae kwenye seva ileile, maana anayeweza kubadilisha faili anaweza kubadilisha na orodha.

---

#10 Mwanazuoni_Mpya

Mkuu kabati nimefanya. Zile kumi za zamani, nane zimefunguka vizuri. Moja imegoma kabisa, nyingine ni ukurasa wa kichwa tu. Halafu nikapima cheksamu ya tasnifu ya kaka yangu, HAILINGANI. Rekodi inasema MD5 moja, kompyuta yangu inatoa nyingine kabisa. Hata baiti zimezidi. Ina maana kuna mtu kaichezea?

---

#11 kabati_la_vitabu

Tulia kwanza mkuu, usimpigie kaka simu bado. Baiti zimezidi, hazikupungua, na hilo ni dokezo. Fungua PDF uangalie ukurasa wa kwanza kabisa. Je, una ukurasa wenye jina la ripozitori, anwani na namna ya kunukuu, kabla ya ukurasa wa kichwa wa tasnifu yenyewe?

---

#12 Mwanazuoni_Mpya

Upo! Una nembo ya chuo na tarehe.

---

#13 kabati_la_vitabu

Basi inaelekea ndiyo sababu. DSpace inaweza kubandika ukurasa wa kunukuu mbele ya PDF, na faili unalopakua linakuwa jipya, na cheksamu yake mpya, wakati lile la asili linabaki ndani. Si wizi. Lakini ili kuwa na uhakika waombe maktaba wakupe faili la asili, kisha upime hilo. Likilingana, hazina yenu imelitunza. Lisipolingana, au wakikujibu kwamba la asili halipo, hapo kuna jambo la kuwaandikia rasmi.

Zile mbili zilizogoma, andika anwani zake na uwapelekee pia. Kama waandishi wanafahamika, huenda wanazo nakala. Na kwa wale ambao mstari wa provenance haupo kwenye rekodi yao, msihukumu: matoleo mapya huuficha kwa kuwa una majina na barua pepe za waliopandisha, na kuuficha ni sahihi. Mkutubi mwenye akaunti anauona, mwombe akunakilie cheksamu peke yake.

Kwa mnaokabidhi tasnifu mwaka huu: tunzeni PDF yenu ya mwisho katika muundo wa PDF/A, ambao fonti zote zimo ndani ya faili, pimeni cheksamu yake siku mnayokabidhi na muiandike kwenye fomu ya makabidhiano, karani asaini. Kama chuo kinaruhusu, wekeni nakala ya pili Zenodo, hazina ya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, iliyopo tangu 2013. Ni bure na inakupa DOI, anwani ya kudumu ya kunukuliwa.

Mwanazuoni, ukishapata jibu la maktaba liweke hapahapa, liwe zuri au baya. Jina la chuo si lazima.